Mtafsiri wa Nusu ya Skrini

Kwa miaka kumi na mmoja Paskazia alikuwa ameangalia nusu ya kila filamu. Kigoda chake kilikaa mlangoni mwa banda la video la Nadim, pale Igogo, Mwanza, na kati ya kigoda hicho na skrini ilisimama nguzo nene ya saruji, ya tangu enzi za babu yake Nadim, banda lilipokuwa ghala la nyavu. Nguzo ile ilikula upande wote wa kushoto. Ngumi ikirushwa, Paskazia aliuona mkono ukizama nyuma ya nguzo, lakini uso uliopigwa hakuuona. Mtu akimkumbatia mpenzi wake, yeye aliona mgongo tu, na uso wa mwenye mgongo ilibidi aujaze mwenyewe. Hakulalamika. Kazi yake ilikuwa kukata tiketi, kuzuia walevi na kufagia maganda ya karanga; hakuna aliyemwajiri aangalie filamu.

Nusu iliyobaki aliletewa na sauti ya Mzee Mihayo.

Kama hujawahi kumsikia Mzee Mihayo akitafsiri filamu, pole, maana sina namna ya kukufidia. Alikuwa mtu mfupi, mkimya mtaani, mwenye pete nzito ya shaba kidoleni. Alikaa kando ya skrini na maiki yake, na kabla picha haijaanza aligonga maiki kwa ile pete mara mbili, ko, ko, akauliza, "Nani hafi?" Banda zima, wabeba mizigo, waparua samaki, wauza dagaa, waendesha bodaboda waliokimbia jua, likaitikia kwa kishindo, "Stelingi!" Hapo ndipo safari ilianza. Ndani ya dakika tatu alikuwa ameshawaonyesha stelingi, yaani shujaa wa picha, ni nani, kwa sababu mtu wa Igogo hatulii mpaka ajue roho yake aiweke kwa nani. Kisha akawasemea wote: stelingi kwa sauti ya upole, mchumba kwa sauti nyembamba, na adui kwa sauti ya mwalimu wa zamu. Ukimzomea adui, adui alikujibu.

Ndiyo maana watu walikuja hata baada ya kila mmoja kuwa na simu mfukoni. Filamu zilizotafsiriwa Dar zimejaa kwenye flashi kila kona, lakini uizomee flashi uone kama itakujibu.

Mwaka huu, mwezi wa pili, Mzee Mihayo aliotwa na uvimbe kooni. Wakampasua hospitali, akapona vizuri, akarudi nyumbani kwake Pasiansi akila na kutembea. Sauti tu ndiyo haikurudi.

Nadim alijaribu kuweka za flashi Jumamosi mbili mfululizo. Ya kwanza watu walitoka kabla ya nusu, ya pili hawakuingia. Alhamisi akaja kusimama mbele ya kigoda cha Paskazia, amekunja mikono kama mtu anayeleta habari ya msiba.

"Dada Paska, mimi sina ugomvi na mtu. Jumamosi hii ya mwisho. Nimepata filamu mpya, hakuna aliyeitafsiri bado. Akipatikana wa kuisema, watu wakakaa mpaka mwisho, tunaendelea. Wakitoka katikati, Jumatatu narudisha nyavu."

"Nitaisema mimi," Paskazia akajibu.

Mpaka leo hajui jibu lile lilitokea wapi. Nadim alimtazama, akaitazama nguzo, akamtazama tena. "Kiingereza unakijua?"

"Kipo," akasema Paskazia, naye hana hata cha kuombea maji.

Usimcheke. Alilipenda banda lile. Alikuja mjini kutoka Magu baada ya ndoa kumshinda, hana ndugu wala jirani, na mahali pa kwanza alipocheka tena palikuwa pale mlangoni, nyuma ya nguzo. Zikirudi nyavu, angepata kazi nyingine ya kufagia, Mwanza haikosi uchafu. Lakini ko ko ile hangeisikia tena maishani, na kwake hilo lilikuwa sawa na kufiwa.

Ijumaa akaenda Pasiansi. Akamkuta Mzee Mihayo barazani, kitambaa shingoni, daftari na kalamu mapajani.

"Shikamoo, baba."

Mzee akaweka mkono kifuani, ndiyo marahaba yake siku hizi. Paskazia akamweleza yote bila kupumua, kisha akamalizia, "Nimekuja unifundishe Kiingereza. Hata kidogo. Cha kesho tu."

Mzee Mihayo akaandika, akamgeuzia daftari. *Kiingereza sijui.*

"Hukitumii tena sasa, ndiyo. Lakini..."

Mzee akalivuta daftari, akapiga mstari chini ya maneno yake, akaongeza: *Sijui. Sijawahi kujua. Nilikomea la nne.*

Paskazia alihisi baraza lile linamzunguka. Miaka thelathini ya kutafsiri! Watu walikuwa wamelia kwa maneno ya yule mtu. Kuna mbeba mizigo aliyemposa mke wake kwa maneno ya stelingi fulani, neno kwa neno, na ndoa ipo mpaka leo ina watoto watano.

"Sasa yale maneno uliyatoa wapi?"

Mzee aliandika polepole, kwa mwandiko wa mtu asiye na haraka tena. *Hadithi ni ileile. Tafuta anayedharauliwa, ndiye. Atapewa kitu. Na anayepewa kitu hupewa pamoja na mwiko wake. Mwiko atauvunja. Mengine wataonyesha wenyewe.* Akafikiri kidogo, akaongeza: *Wewe unajua kuliko mimi. Mimi nilikuwa naona skrini yote.*

Paskazia alirudi kwa miguu kipande kirefu, ziwa likiwaka upande mmoja, na asilione. Alikuwa anamwona bibi yake Mhoja, Magu, msimu wa kupura mpunga, wanawake wamekaa juu ya majani makavu na mikono inauma, bibi akiwasahaulisha maumivu kwa hadithi. Ile ya zimwi lililomeza nchi nzima, watu na mifugo, likabakiza mtoto mmoja tu ambaye hakuna aliyekuwa akimhesabu. Bibi Mhoja alikufa hajaona televisheni. Hakujua kuna nchi watu wanaruka angani na majoho. Lakini kila filamu Paskazia aliyoichungulia nyuma ya nguzo, ukiivua zile nguo zake na magari yake, mifupa yake ilikuwa ile aliyoisikia kwenye mpunga. Nani aliwaambia? Nani alivuka bahari na mifupa ile, na alipita lini? Nywele zilimsimama mchana kweupe, barabarani, watu wakipita.

Jumamosi saa nane mchana banda lilijaa, si kwa mapenzi, kwa umbea. Nadim mwenyewe alikata tiketi. Mzee Mihayo aliletwa kwa bodaboda, na walipompisha benchi la mbele alikataa. Akaenda kukaa kwenye kigoda cha Paskazia, mlangoni, nyuma ya nguzo.

"We Paska!" akaita Dorcas, muuza dagaa mwenye mdomo mpana kuliko beseni lake. "Toka hapo, mtafsiri anakuja!"

Banda likacheka. Paskazia akapiga moyo konde. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Hakuwa na pete, akagonga maiki kwa ufunguo wa kufuli la mlango.

"Nani hafi?"

"Stelingi," wakajibu wachache, kivivu.

Picha ikaanza, naye akasahau kusema. Ilikuwa kubwa mno! Ilikuwa na upande wa kushoto! Kulikuwa na nyuso huko, na madirisha, na anga zima ambalo kwa miaka kumi na mmoja lilikuwa saruji. Alisimama ameduwaa mpaka mtu akapiga mluzi.

"Huyu," akasema haraka, kidole kikimuelekea kijana mwembamba aliyekuwa akining'inia kwa kamba nje ya ghorofa, akisafisha vioo, na walio ndani wanapita bila kumwona. "Huyu ndiye wetu. Wanamwona kama kitambaa chake. Tulieni muone."

Hakukosea. Kijana alifokewa na msimamizi, akanyimwa chakula, akapanda peke yake mpaka juu ya paa, na huko akamkuta bikizee aliyejikunyata kwenye baridi. Akampa mkate wake. Bikizee akafungua furushi, akatoa joho la rangi ya udongo. Kisha akainua kidole kimoja, akasema maneno mengi ya Kiingereza.

Banda zima likamgeukia Paskazia. Hakuambulia hata neno moja. Aliona kile kidole tu.

"Anamwambia," akasema, na moyo ukimdunda kwenye maiki, "chukua, mjukuu wangu, joho hili litakubeba. Lakini usilivue mbele ya mtu, hata uwe unampenda namna gani. Siku utakayolivua, utakuwa mzito kama wenzako."

Kijana akaruka, watu wakapiga makofi, na mambo yakanoga. Akatokea adui, tajiri mwenye mnara mweusi katikati ya jiji. Kila aliyeingia kwenye mnara ule hakutoka, na kila jioni uliongezeka ghorofa moja. Paskazia akampa tajiri sauti ya mwalimu wa zamu. Dorcas akamzomea. "Nawe nyamaza, beseni lako linanuka," akajibu adui, na banda likapasuka kwa kicheko, Dorcas akicheka kuliko wote. Nyuma ya nguzo, mabega ya Mzee Mihayo yalitikisika.

Kisha, usiku mmoja wa mle ndani ya filamu, kijana alimkuta msichana mdogo muuza maua akitetemeka kwa baridi, binti wa mtu aliyemezwa na mnara. Akamtazama kwa muda mrefu. Akalivua joho, akamfunika. Asubuhi akalivaa tena, lakini alipojaribu kuruka alianguka kama gunia la mchele.

"Aliambiwa!" Dorcas akasimama, mikono kichwani. "Si aliambiwa na bibi!"

Paskazia akashika maiki kwa mikono miwili. Maneno yale alikuwa ameyatunga. Aliyatunga yeye, hapa Igogo, na huko walikopigia picha wameyatii! Alitazama skrini kwa woga, kama mtu aliyemtania mzimu ukamjibu.

Lakini hadithi haikumsubiri astaajabu. Kijana, mzito kama wenzake, akaingia kwenye mnara kwa miguu yake, kipande cha joho kilichochanika alipoanguka kikabaki mkononi mwa yule msichana. Tukaona milango ikifungwa, mnara ukitikisika, kisha ukaporomoka wote juu yake. Vumbi. Mkono wa kijana kwenye kifusi. Uso wake, macho yamefumba. Muziki ukawa wa matanga, na muziki wa matanga hauhitaji mtafsiri.

"Paska," mtu akaita kwa sauti ndogo. "Huyo vipi?"

Angeweza kudanganya, lakini uso ulikuwa pale, mkubwa kama ukuta. "Amekufa," akasema.

Na hapohapo umeme ukakatika.

Skrini ikawa shuka jeupe. Maiki ikafa. Mwanga wa mlangoni ukawaonyesha watu walivyokuwa wakisimama, benchi baada ya benchi. "Stelingi kafa? Filamu gani hii?" "Ametuletea matanga!" "Tulijua, huyu ni wa kufagia!" Wa kwanza walishaufikia mlango. Nadim alikuwa amesimama pale na funguo zake, na Paskazia aliziona nyavu kwa macho ya akili yake, zimejaa mpaka dari.

Ko, ko.

Sauti ilitoka mlangoni. Watu wakasimama walipo. Ilikuwa pete ya shaba kwenye bati la mlango, na Mzee Mihayo aliyeipiga alikuwa amekaa vilevile kwenye kigoda, anamtazama Paskazia. Mdomo wake ulifunguka, haukutoa kitu.

Ko, ko, akarudia.

Paskazia akaelewa. Nusu ile ilikuwa ya mzee, na iliyobaki ilikuwa yake, kama siku zote.

"Nani hafi?" akauliza kwa sauti yake tupu, isiyo na maiki.

Walikuwa wameona maiti kwa macho yao. Kisha mmoja, wa mbele, akasema kama anayejaribu maji kwa kidole, "Stelingi?"

"Nani?"

"Stelingi!" Sasa walikuwa wengi.

"Basi kaeni! Mnara ule mliudhania mnara? Mmeona wapi nyumba inayokula watu na kila jioni inaongezeka tumbo? Lile ni zimwi. Lilikuwepo kwetu Magu kabla hawajaanza kumwaga zege. Lilimeza nchi nzima, likabakiza mtoto mmoja ambaye hakuna aliyekuwa anamhesabu. Na mtoto huyo mmemwona, mkampita. Ana nini mkononi?"

"Kitambaa!" wakapiga kelele. "Yule wa maua!"

"Hii naijua," akasema mbeba mizigo mmoja mtu mzima, akikaa taratibu. "Hii naijua kabisa."

"Kwetu Ukerewe ni joka," akasema Dorcas, na sauti yake safari hii haikuwa ya utani. "Joka la ziwani. Lakini mtoto ni huyohuyo."

Kutoka nyuma mtu mwingine akasema kwao pia ipo, na mwingine, na Nadim pale mlangoni, mtu wa watu, akasema polepole kwamba bibi yake alikuwa nayo moja, ya jitu, kwa Kigujarati. Paskazia akawatazama mmoja mmoja. Banda lile lilikuwa na bibi wangapi leo, wamekaa nasi kwenye giza?

Akaendelea. Akamtembeza yule msichana juu ya kifusi na kitambaa chake, akamfikisha kwenye jiwe dogo kuliko yote, ambalo ndilo kidole kidogo cha zimwi. Msichana akapapasa kwa kitambaa, akakichana kidole. Kwanza wakatoka kuku. "Kuku wanaliaje?" Banda likawika. Wakatoka mbuzi, banda likalia mbuzi. Wakatoka ng'ombe.

"Ng'ombe wametoka wapi, mjini Ulaya?" akauliza mtu.

"Kwani Wazungu wanakula mawe?" akajibu Paskazia, na ng'ombe sitini wakaroroma mle ndani mpaka wapita njia wakachungulia mlangoni. "Kisha watu. Wa kwanza kutoka alikuwa bikizee, ameshika sikio, ananung'unika, maana aliyechana kidole alimkata sikio kwa bahati mbaya. Hata mkombozi hulaumiwa, jamani, mnajua wenyewe."

Walicheka sana hapo. Na hapo umeme ukarudi. Shuka likawaka, muziki ukavuma, uso wa marehemu ukatokea tena.

"Zima hiyo!" banda zima likapiga kelele. "Nadim, zima! Acha amalize kwanza!"

Nadim, miaka yote hiyo mwenye banda, alikuwa hajawahi kuombwa kuzima filamu. Akaizima. Alisimama na mkono kwenye swichi, mdomo wazi kidogo, na Paskazia akamaliza: watu wote wametoka, mifugo yote, na wa mwisho kabisa, amejaa vumbi, stelingi, amekonda, anauliza kama kuna mtu mwenye mkate. Wakampigia vigelegele. Kuna mwanamume mzima alikuwa anafuta macho.

"Haya," akasema Paskazia, amechoka. "Washa sasa tuone na wao wanasemaje."

Waliangalia kimya kama wako kanisani. Yule msichana alipanda kifusi na kitambaa chake. Jiwe likasogea. Kutoka kwenye vumbi akatoka mtu wa kwanza, mwanamke mzee, mkono mmoja ameshika sikio, damu inachuruzika vidoleni.

Hakuna aliyecheka. Paskazia akasogea karibu na skrini. Alimwona bibi Mhoja juu ya majani ya mpunga, mikono imechanika, akisema maneno yale kwa wanawake kumi waliochoka. Alitamani kumpigia magoti.

Wengine wakatoka, wakakumbatiana. Mwishoni kabisa ikaonyeshwa ile maiti, na kidole kidogo cha mkono wake kikatikisika mara moja, picha ikakatika. Banda liliruka kama goli limeingia.

"Wamesahau ng'ombe!" Dorcas alikuwa akilalamika wakati wanatoka. "Paska, wamesahau ng'ombe wote!"

Nadim hakutoa hotuba. Alimwambia tu, "Jumamosi ijayo saa nane, usichelewe," akaenda kumtafuta mtu wa kukaa mlangoni.

Banda lilipobaki tupu, Mzee Mihayo alikuja mpaka kwenye maiki. Alihangaika kidogo na kidole chake, akavua pete, akaiweka kwenye kiganja cha Paskazia na kukifunga. Kisha akainua kidole kimoja, na midomo yake ikasema jambo refu lisilo na sauti.

Paskazia alingoja daftari. Mzee hakulitoa. Alisimama tu, kidole juu, anamsubiri.

"Nisiwaambie kwamba Kiingereza hatujui?"

Mzee Mihayo alicheka mpaka akashika koo lake. Lakini kidole hakikushuka. Paskazia akakitazama, akautazama mlango, pale watu waliposimama na miguu nusu nje na stelingi wao amekufa.

"Nisiwaache njiani," akasema.

Kidole kikashuka. Pete ilikuwa kubwa, akaivaa kwenye dole gumba, akachukua ufagio, maana maganda ya karanga yalikuwa yamejaa na mtu mpya wa mlangoni alikuwa bado hajapatikana.